Papa si tatizo, tatizo ni mlima wa Timboroa

Shule zinapofungwa mwezi wa Disemba, familia nyingi za hapa Eldoret huteremka pwani kupunga upepo. Siku hizi wengi hawatosheki na kuketi ufuoni. Hutaka kuvaa miwani ya maji, kujitwika mtungi wa hewa mgongoni na kuzama kuwatazama samaki. Na swali wanalouliza kabla ya kuondoka ni moja: "Daktari, papa je?"

Hofu hiyo yaeleweka. Kwenye televisheni tumewaona watalii wa Gansbaai, Afrika Kusini, wakiingia baharini ndani ya kizimba cha chuma huku papa mweupe akipita mbele yao, meno nje. Lakini hebu tutazame hesabu. Mwaka wa 2024, katika dunia nzima, Chuo Kikuu cha Florida kiliandikisha visa 47 vya papa kumuuma mtu asiyemchokoza. Waliofariki katika visa hivyo ni wanne.

Kwetu Afrika Mashariki, papa anayetafutwa sana na watalii ni papa shilingi, yule mwenye madoa meupe mgongoni. Ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, lakini chakula chake ni vijidudu na visamaki vidogo anavyovichuja majini. Huyu hana haja na mguu wako.

Ndugu msomaji, kinachoweza kukudhuru ni hewa iliyomo ndani ya ule mtungi, pamoja na haraka yako ya kurudi nyumbani.

Mfano wa chupa ya soda

Sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, karibu asilimia 78, ni naitrojeni. Kwa kawaida gesi hii huingia na kutoka bila kutudhuru. Ukizama, maji hukubana. Kwa kila mita 10 unazoshuka, shinikizo huongezeka kwa kiasi sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu ya bahari. Ukifika mita 30, shinikizo ni mara nne ya lile la ufuoni. Kadiri unavyovuta hewa ya mtungi huko chini, ndivyo naitrojeni inavyozidi kuyeyuka katika damu, mafuta na viungo.

Sasa fikiria chupa ya soda. Ikiwa imefungwa, huoni povu. Ifungue ghafla, nayo soda hufurika. Mpiga mbizi anayepanda juu upesi hupatwa na jambo kama hilo. Naitrojeni hugeuka viputo ndani ya mwili wake, navyo huweza kuziba mishipa ya damu, kuumiza viungo, hata kudhuru uti wa mgongo na ubongo.

Mwaka wa 1908, mwanasayansi wa Uingereza J. S. Haldane na wenzake walichapisha utaratibu wa kupanda kwa vituo, baada ya kufanya majaribio kwa kutumia mbuzi. Ratiba za wapiga mbizi wa leo zimetokana na kazi hiyo.

Kwa nini Eldoret?

Hata ukipanda kwa utaratibu mzuri, naitrojeni ya ziada hubaki mwilini kwa saa nyingi. Mkazi wa Mombasa hulala palepale, ikatoka polepole. Wewe unarudi Eldoret, mji ulio mita 2,100 hivi juu ya bahari, ambako shinikizo la hewa ni pungufu kwa karibu theluthi moja ya theluthi mbili za lile la pwani, yaani kama asilimia 78 tu ndiyo inayosalia. Tena barabara hupitia Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Kwa mwili wako, safari hiyo ni kama kufungua chupa.

Wataalamu hushauri mtu aliyepiga mbizi mara moja asipande ndege kabla ya muda wa saa 12 kupita, na aliyepiga mara kadhaa angoje angalau saa 18. Ushauri huo ulipimwa kwa ndege ambazo hewa yake ya ndani ni kama ya mahali pa mita 2,400 hivi. Timboroa imepita hapo. Kwa hiyo mpiga mbizi wa Eldoret na angoje saa 24 kamili, au zaidi, awe anasafiri kwa ndege, basi au gari lake. Ukizama Watamu Jumapili asubuhi na kupanda basi jioni, Jumatatu kabla ya adhuhuri utakuwa Timboroa. Afadhali uzame Ijumaa, na Jumamosi upumzike.

Anayeogelea juu juu kwa miwani na mrija, kama wafanyavyo watazamaji wa papa shilingi, hahitaji kungoja.

Dalili na huduma ya kwanza

Dalili nyingi huonekana ndani ya saa chache, na karibu zote ndani ya siku moja: maumivu ya bega, kiwiko au goti, uchovu usio wa kawaida, ngozi kuwasha, ganzi, miguu kukosa nguvu, kizunguzungu, kushindwa kukojoa au kupumua kwa shida. Mgonjwa alazwe chali, apewe oksijeni na kupelekwa hospitali upesi. Tiba kamili ni chumba maalum cha shinikizo. Kabla ya kulipia mbizi, uliza kilicho karibu kiko wapi.

Hapa pana mtego. Mtu aliyetoka pwani akilalamika viungo na uchovu, wengi wetu hufikiria malaria. Apimwe malaria, ndiyo, lakini mwambie daktari wako waziwazi kwamba ulipiga mbizi, lini, na kina gani.

Kabla ya kuzama

Usizame ukiwa na mafua, kwani masikio yatashindwa kusawazisha shinikizo na kiwambo chaweza kupasuka. Mwenye pumu, kifafa au ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza. Mja mzito asizame kabisa. Dawa ya kukinga malaria iitwayo mefloquine huweza kuleta kizunguzungu, basi omba nyingine. Na ukiwa na mtungi, usizuie pumzi kamwe unapopanda: hewa hupanuka na kuweza kupasua mapafu, hata kutoka kina kifupi.

Nenda ukawaone samaki. Ila ukimaliza, bahari ikupe siku moja zaidi kabla ya kuupanda mlima.