Giaboksi Iliyorudishwa Ikagoma

Bolti ya mwisho imekazwa, jeki zimetolewa, na injini ya Mercedes W123 inanguruma kama zamani. Gia inawekwa D, breki inaachiliwa. Gari halisogei. R nayo, kimya. Katika gereji za jua kali za Kawangware, na ng'ambo ya Ngong Road kule Kibera, hapo ndipo mwenye gari huambiwa giaboksi imekufa, atafute nyingine. Asikubali haraka. Giaboksi iliyoshushwa ikiwa bado inavuta, ikabadilishwa sili na kurudishwa, mara nyingi haijafa. Kosa liko kwenye kurudisha, na linatafutika.

Je, wajua kwamba kwenye giaboksi za otomatiki za zamani kama hii injini na magurudumu hayajaungana kwa chuma? Kati yake kuna toki konvata, mfano wa sufuria mbili zilizofunikwa mdomo kwa mdomo. Weka feni mbili zikitazamana, uwashe moja: upepo wake utaizungusha ya pili. Ndani ya konvata kazi ya upepo inafanywa na oili, na katikati kuna gurudumu dogo linaloigeuza oili inayorudi ili isaidie kusukuma. Ndiyo sababu gari linapoondoka, nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu maradufu. Oili hiyo hiyo hupita kwenye vijia vyembamba vya valvu bodi, hubana klachi na mikanda, na kuchagua gia. W123 haina kompyuta ya kuiamulia giaboksi. Inayoamua ni presha ya oili.

Kwa hiyo uchunguzi uanzie kwenye oili. Konvata ikiwa imemwagwa oili, inarudi ikiwa tupu, na injini ikiwaka tu inakunywa lita kadhaa. Fundi aliyejaza mpaka alama kabla ya kuwasha huamini kazi imekwisha, kumbe pampu inavuta hewa. Mimina kama lita 4, washa injini gari likiwa P mahali tambarare, endelea kuongeza kidogo kidogo, kisha pitisha gia zote taratibu. Kipimo cha mwisho kwa Mercedes hii husomwa injini ikinguruma na oili ikiwa moto, yapata digrii 80. Ikiwa baridi, kijiti kitaonyesha chini na utajaza kupita kiasi. Kijiti kifutwe kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Uzi mmoja ukiingia kwenye valvu bodi unaweza kukwamisha valvu. Oili ya rangi ya waridi iliyochanganyika kama maziwa ni onyo la maji kutoka kwenye rejeta, maana bomba za kupoza oili hupita humo.

Oili ikiwa sawa na gari bado halisogei, moyo wangu hushtuka, kwa sababu kinachofuata ni shingo ya konvata. Shingo hiyo ndiyo inayozungusha pampu, kwa mapengo mawili yanayopaswa kuingia kwenye meno yake. Fundi mzoefu huikumbatia konvata, anaizungusha huku akiisukuma, na anasikiliza: inazama kidogo, inazama tena, halafu inatulia ndani kabisa. Anaweka rula kwenye mdomo wa giaboksi kuhakikisha konvata imeingia ndani ya ukingo. Giaboksi ikishagusana na injini, konvata lazima bado izunguke kwa mkono. Ikiwa ni bolti zinazoivuta giaboksi ikaribie injini, simama hapo hapo. Konvata haijaingia, na kila mzunguko wa spana unaiponda pampu. Kazi ya dakika mbili ikirukwa, giaboksi nzima inarudi chini.

Mengine ni mepesi. Fimbo ya gia ikirudishwa bila kupimwa, mkono unasoma D lakini ndani giaboksi iko katikati ya N na D, na klachi zinateleza mpaka ziungue. Starta ikigoma kabisa, angalia kwanza plagi ya swichi iliyo ubavuni mwa giaboksi. Gia zikiingia kwa kishindo, tafuta kibomba chembamba cha raba kinachopeleka mvuto wa hewa kutoka injini. Kikichomoka au kikipasuka, giaboksi hudhani dereva amekanyaga mpaka mwisho, hivyo inabana klachi kwa nguvu zote.

Wapo wanaosema otomatiki ni ya barabara laini tu. Mwaka 1979 Mercedes 450 SLC 5.0, zikiwa na giaboksi za otomatiki, zilishika nafasi nne za kwanza kwenye mashindano ya magari ya Bandama nchini Côte d'Ivoire, na ya nne iliendeshwa na Mkenya Vic Preston Jr. Mwaka huo huo Hannu Mikkola alikuwa wa pili kwenye Safari Rally yetu kwa gari la aina hiyo.

Magari ya umri huu hayaletwi tena kwa wingi, kwa kuwa Kenya imeweka ukomo wa miaka 8 kwa magari yaliyotumika. Yale yanayong'aa Ngong Racecourse kwenye Concours d'Elegance, mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri ambayo yalianza 1970, yanaishi kwa mikono ya mafundi wa hapa hapa. Ndiyo maana naumia nikiona giaboksi nzima ikiuzwa kwa kilo kwa ajili ya kibomba cha raba.

Na ukilijaribu gari barabarani, usishtuke likiondoka polepole. Baadhi ya W123 huanza na gia ya pili mguu ukiwa mwepesi. Kanyaga mpaka chini, na gia ya kwanza itajitokeza yenyewe.