Baiskeli ya zamani inalia nyuma? Kagua maungio kabla hujaitupa

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

WENGI wetu tuishio ughaibuni tuna baiskeli ya mlimani ya mtumba, ile yenye shokapu nyuma. Ndiyo inayotufikisha kazini alfajiri kabla basi la kwanza halijapita, na ndiyo tunayoisokomeza kwenye kontena tukipata nafasi ya kutuma mizigo nyumbani. Baada ya miaka kadhaa huanza kulia upande wa nyuma, na kwenye kona inayumba kama mlevi. Dukani mara nyingi utaambiwa ni ya zamani mno, nunua mpya.

Kabla hujakubali, ndugu msomaji, fahamu ugonjwa uko wapi.

Katika fremu ya aina hii, sehemu ya nyuma inayobeba gurudumu imeshikana na ya mbele kwa maungio yanayocheza. Ndani ya kila ungio mna bushi au beringi. Nyingi za miaka ya 1990 zilikuwa na bushi za plastiki au shaba. Baadaye beringi zilizozibwa kwa mpira zikashika nafasi.

Beringi ya gurudumu huzunguka duara zima, hivyo grisi husambaa na gololi hupokezana mzigo. Beringi ya ungio huenda nyuzi chache tu, mbele na nyuma. Gololi zile zile hubeba uzito pale pale, grisi husukumwa kando, na chuma huanza kufanya vishimo. Ongeza mvua na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi, kutu haikosi. Anayeosha baiskeli kwa mashine ya maji ya nguvu huharakisha maangamizi, kwani maji hupenya penye mpira.

Kukagua ni rahisi. Kwanza kaza bolti zote, maana huenda zimelegea tu. Kisha toa gurudumu la nyuma na ufungue shokapu upande mmoja. Itikise sehemu ya nyuma kushoto na kulia: ikicheza, kuna ungio limekwisha. Ipandishe na kuishusha: ikikwaruza kama ina mchanga, beringi imekufa.

Ukifungua, piga picha kila hatua ili washa zirudi mahali pake. Namba ya beringi imechapwa ubavuni. Namba 608 ina tundu la milimita 8, upana wa nje 22 na unene 7, sawa na zile za viatu vya magurudumu. Namba 6001 ni 12, 28 na 8. Herufi 2RS maana yake ina mpira pande zote mbili. Vipimo hivi ni vya dunia nzima, kwa hiyo duka la beringi za mashine litakufaa. Si lazima ulipie jina la kampuni ya baiskeli. Ukipata zile zilizojazwa gololi tupu bila kizimba ndani, ni bora zaidi kwa kazi hii.

Usipige nyundo. Tumia bolti ndefu, nati na soketi mbili: ndogo isukume, kubwa ipokee. Beringi mpya isukumwe kwa pete ya nje. Ukisukuma ya ndani umeiua kabla hujaipanda. Paka grisi kwenye tundu safi, tia gundi ya nyuzi ya nguvu ya kati kwenye bolti, kisha kaza kwa kipimo cha mtengenezaji.

Bushi zisipopatikana, fundi kerezo anaweza kukuchongea ukimpa vipimo.

Lakini kuna mpaka. Tazama kwa tochi kuzunguka kila ungio na kila palipochomelewa. Ukiona ufa, au beringi mpya ikiingia tunduni kwa kidole bila kusukumwa, fremu hiyo imefika mwisho. Alumini haiponi kwa kuchomelewa mtaani, kwani moto huiondolea nguvu iliyotiwa kiwandani, na ikikatika kwenye mteremko anayeanguka ni mtu.

Kwa anayemtumia ndugu yake, badilisha beringi kabla ya kupakia, na funga seti nyingine ya akiba pamoja na bolti za maungio. Beringi atazipata popote. Bolti za fremu ya zamani ndizo zitakazomsumbua.