Bunduki begani hadharani: Sheria ya Marekani yasemaje?

Asubuhi ya tarehe 31 Oktoba mwaka 2015, mwanamke mmoja katika mji wa Colorado Springs, magharibi mwa Marekani, alimwona mtaani mwanamume mmoja, mkononi ana bunduki ya mtutu mrefu. Akawapigia polisi simu. Aliyeipokea alimweleza, pamoja na mambo mengine, kuwa katika jimbo la Colorado sheria inamruhusu mtu kubeba bunduki waziwazi. Dakika chache baadaye mwanamke huyo alipiga simu tena. Mtu yule alikuwa ameanza kuua. Watu watatu walipoteza maisha kabla ya polisi kumpiga risasi na kumuua.

Miaka minne hivi baadaye, mwezi Agosti mwaka 2019, kijana wa miaka 20 aliingia katika duka kubwa la Walmart mjini Springfield, jimbo la Missouri. Alivaa fulana ya kuzuia risasi, na kifuani alining'iniza bunduki ya mfano wa zile za kijeshi. Zilikuwa zimepita siku tano tu tangu mtu mwenye silaha ashambulie duka jingine la kampuni hiyo hiyo mjini El Paso, Texas, katika shambulio lililogharimu maisha ya watu 23. Wateja wa Springfield walitimua mbio. Mfanyakazi wa kikosi cha zimamoto ambaye hakuwa kazini, naye akiwa na bastola yake, alimwelekezea kijana huyo mtutu na kumzuia hadi polisi walipofika.

Kijana hakufyatua hata risasi moja. Aliwaambia polisi kuwa alitaka kuona iwapo haki yake ya kubeba silaha ingeheshimiwa. Alifunguliwa mashtaka ya kutoa vitisho vya kigaidi, na hatimaye akakiri kosa dogo zaidi na kupewa kifungo cha nje.

Missouri, kama ilivyo Colorado, ni jimbo linaloruhusu silaha kubebwa waziwazi. Inakuwaje basi aliyekuwa njiani kuua aonekane mtu asiyevunja sheria, na ambaye hakumgusa mtu aishie mahakamani? Jibu limo katika pengo lililopo kati ya yale ambayo sheria inaruhusu na yale ambayo jicho la mpita njia linaweza kuyatambua.

Haki ya kikatiba

Chimbuko la suala hili ni Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani, yaliyoidhinishwa mwaka 1791, ambayo yanazungumzia haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzibeba. Kwa muda mrefu wanasheria walibishana iwapo haki hiyo ni ya kila mtu binafsi au ni ya wanamgambo wa majimbo. Mwaka 2008, katika kesi iliyotoka Washington, Mahakama ya Juu iliamua kuwa ni haki ya mtu binafsi kuwa na bunduki nyumbani kwake kwa ajili ya kujilinda. Mwaka 2022, katika kesi iliyotoka New York, mahakama hiyo ilikwenda mbali zaidi na kutamka kuwa haki hiyo haiishii mlangoni, bali inamfuata mtu hata nje ya nyumba yake.

Hata hivyo, hakuna sheria moja ya Marekani nzima inayoeleza namna ya kuibeba silaha barabarani. Kila jimbo lina utaratibu wake. Texas haimdai leseni mtu mzima anayetembea na bunduki ndefu begani. Katika jimbo la Minnesota, kwenye jamii kubwa ya watu waliotoka Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika, kubeba bunduki ya aina hiyo mahali pa umma bila kibali maalumu ni kosa. Ndani ya Colorado yenyewe, jiji la Denver limepiga marufuku ubebaji wa wazi ambao sehemu nyingine za jimbo zinauruhusu.

Kwa nini bunduki ndefu?

Mgeni hushangaa anapogundua kuwa katika majimbo kadhaa ilikuwa rahisi zaidi kisheria kubeba bunduki ndefu kuliko bastola ndogo. Sababu yake ni ya kihistoria.

Katika karne ya 19 silaha iliyofichwa ndiyo iliyotiliwa shaka. Majimbo ya Kentucky na Louisiana yalipiga marufuku silaha za kufichwa tangu mwaka 1813, na mahakama za kusini mwa nchi ziliona kuwa mtu muungwana huibeba silaha yake mahali inapoonekana, ilhali anayeificha ana nia mbaya. Bunduki ndefu haifichiki kirahisi, tena ilikuwa chombo cha mwindaji na mfugaji. Kwa hiyo Texas ilipotunga sheria ya kuzuia watu kutembea na bastola mwaka 1871, bunduki ndefu haikuguswa.

Hali hiyo ilidumu zaidi ya karne moja, ikazaa kioja cha kisiasa. Kuanzia mwaka 2013 wanaharakati wa Texas waliotaka ruhusa ya kubeba bastola waziwazi walianza kuingia migahawani na madukani wakiwa na bunduki ndefu, kwa kuwa hizo ndizo walizoruhusiwa kuzionyesha. Walifanikiwa. Tangu Januari 2016 wenye leseni waliruhusiwa kubeba bastola waziwazi, na tangu Septemba 2021 hata leseni haihitajiki kwa watu wengi wazima.

Lakini mafanikio hayo yalikuwa na gharama. Picha za vijana waliokaa mezani na bunduki mfano wa AR-15 ziliwaudhi hata baadhi ya wamiliki wa silaha. Mwaka 2014 chama kikuu cha kutetea haki za wamiliki wa bunduki nchini humo, NRA, kilitoa taarifa ya kuwakosoa wanaharakati hao, kisha siku chache baadaye, baada ya kushutumiwa na wafuasi wake, kikaikana.

Mipaka ya ruhusa

Ruhusa ya kubeba si ruhusa ya kwenda popote wala kufanya lolote. Shule, mahakama na majengo ya serikali kuu kwa kawaida hayaruhusu silaha. Mwenye duka au mgahawa naye ana haki ya kumkataza mteja kuingia na bunduki, na anayekaidi anaweza kushtakiwa kwa kuingia mahali pasipo ridhaa ya mwenyewe. Kampuni ya Starbucks iliwaomba wateja wake waache silaha zao mwaka 2013. Chipotle na Target zilifuata mwaka 2014, na Walmart mwaka 2019 baada ya mauaji ya El Paso. Kampuni hizo zilitumia neno la kuomba, kwa kuwa hakuna mwajiri aliyetaka kijana wa kupokea fedha ndiye amkabili mtu mwenye bunduki.

Mpaka mgumu zaidi ni ule wa nia. Sheria ya Texas inamruhusu mtu kubeba bunduki, lakini inamtia hatiani anayeionyesha hadharani kwa namna iliyokusudiwa kuwatia watu hofu. Majimbo mengine yana vifungu vinavyofanana na hicho. Bunduki iliyoning'inizwa begani, mtutu ukielekea chini, aghalabu ni halali. Bunduki hiyo hiyo ikishikwa mikononi kwa namna ya mtu aliye tayari kupiga inaweza kuwa kosa la jinai.

Lakini nia hukaa moyoni. Katika sehemu nyingi askari anayeitwa na raia mwenye hofu hana sababu ya kumkamata mtu kwa kubeba bunduki peke yake. Anaweza kumsogelea, kuzungumza naye na kumtazama. Akichelewa, huenda yakatokea ya Colorado Springs. Akiharakisha, huenda akamuua mtu asiye na kosa.

Nani amebeba?

Historia inaonyesha kuwa kitendo kimoja hutafsiriwa tofauti kutegemea anayekitenda. Mwaka 1967 wanachama wa Black Panther, kundi la Wamarekani weusi, walikuwa wakiwafuatilia polisi mjini Oakland, California, wakiwa na bunduki zao waziwazi, jambo ambalo wakati huo halikukatazwa. Mbunge Don Mulford wa chama cha Republican akapeleka muswada wa kulizuia. Tarehe 2 Mei mwaka huo watu wapatao 30 wa kundi hilo, wakiongozwa na Bobby Seale, waliingia katika jengo la bunge la jimbo mjini Sacramento wakiwa na silaha kuupinga muswada huo. Kabla ya mwaka kumalizika, Gavana Ronald Reagan alikuwa ameutia saini. NRA, ambayo leo inapinga karibu kila kizuizi, iliuunga mkono.

Mwezi Aprili mwaka 2020 waandamanaji, wengi wao wazungu, waliingia na bunduki katika bunge la jimbo la Michigan kupinga masharti ya kudhibiti virusi vya korona, na baadhi yao walisimama katika roshani juu ya vichwa vya maseneta. Haikuwa kinyume cha sheria. Marufuku ya kubeba silaha waziwazi ndani ya jengo hilo ilikuja Januari 2021, siku chache baada ya bunge la taifa mjini Washington kuvamiwa.

Tukio la Dallas la tarehe 7 Julai mwaka 2016 lilikuwa zito zaidi. Katika maandamano ya kupinga mauaji ya watu weusi mikononi mwa polisi, baadhi ya waandamanaji walibeba bunduki ndefu, kama sheria ya Texas ilivyowaruhusu. Mshambuliaji alipoanza kuwalenga polisi, na kuwaua askari watano, hao wenye bunduki walikimbia kuokoa maisha yao kama watu wengine. Polisi walisambaza picha ya mmoja wao, mwanamume mweusi, wakimtaja kuwa mshukiwa. Hakuwa na hatia. Alikuwa ameikabidhi bunduki yake kwa askari mwenyewe, na baada ya kuhojiwa akaachiwa. Mkuu wa polisi wa Dallas wakati huo, David Brown, alieleza baadaye jinsi ilivyo vigumu kwa askari kumtofautisha mwema na mbaya pale risasi zinaporindima na wengi wana silaha.

Ugumu huo hauwahusu polisi peke yao. Mjini Kenosha, Wisconsin, mwezi Agosti 2020, kijana wa miaka 17 aliyekuwa na bunduki ndefu katika ghasia za barabarani aliwapiga risasi watu watatu, wawili wakafa. Aliyenusurika, ambaye naye alikuwa na bastola, aliieleza mahakama kuwa alimdhania kijana huyo kuwa muuaji wa halaiki. Kijana alisema alihofia uhai wake, na Novemba 2021 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia. Kila mmoja alibeba silaha ya kujilinda, na kila mmoja aliiona silaha ya mwenzake kuwa tishio.

Kwa jicho la Afrika Mashariki

Kwa msomaji wa Nairobi, Mwanza au Bujumbura, bunduki barabarani huwa ni ya askari, ya mlinzi wa benki au ya jambazi. Kenya na Tanzania huihesabu bunduki ya raia kuwa idhini inayotolewa na dola kwa masharti, na ambayo dola inaweza kuiondoa. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, iliyotiwa saini na nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, inazitaka serikali zikataze raia kumiliki bunduki za kijeshi, zikiwemo zile ambazo hupiga risasi moja kila kifyatulio kinapovutwa bila kukokiwa upya. AR-15, ambayo kwa makadirio ya watengenezaji wa silaha ziko zaidi ya milioni 20 za aina hiyo mikononi mwa raia wa Marekani, imo katika kundi hilo.

Mtazamo huo umetokana na yaliyoonekana. Kule Karamoja na Turkana, ambako bunduki aina ya AK-47 ilichukua nafasi ya mkuki katika wizi wa mifugo, mchungaji mwenye bunduki anaweza kusema kwa haki kuwa analinda ng'ombe wake, na jirani yake akaona kwa haki kuwa anajiandaa kuvamia. Hoja hiyo haitofautiani sana na ile ya Kenosha.

Anayehamia Marekani hukuta mambo yamegeuzwa, na kutojua kunaweza kumgharimu. Sheria ya serikali kuu inawakataza watu wasio na kibali cha kuishi nchini humo, na kwa kawaida hata walioingia kwa viza za muda kama za masomo au matembezi, kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa katika hali chache kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu haguswi na katazo hilo. Mwanafunzi anayeazima bunduki ya rafiki yake ili apige picha ya kupeleka nyumbani anaweza kujikuta na kosa la jinai na kufukuzwa nchini.

Mjadala haujaisha

Watetezi wa ubebaji wa wazi husema kuwa haki isiyotumiwa hufa, na kwamba mhalifu akiiona silaha hurudi nyuma. Wanaopinga hujibu kuwa mwenye bunduki katika mkutano wa hadhara huwanyamazisha wengine hata asipotamka neno, na kwamba uhuru wa kusema nao umo katika Katiba hiyo hiyo.

Tangu uamuzi wa mwaka 2022, mahakama zinapima sheria za silaha kwa kutazama mapokeo ya kihistoria, na makatazo ya zamani yanatikisika. Mwezi Septemba 2025 mahakama ya rufaa ya Florida ilibatilisha marufuku ya jimbo hilo ya kubeba silaha waziwazi, iliyokuwapo tangu miaka ya 1980.

Kwa hiyo huenda simu kama ile ya Colorado Springs zikaongezeka. Mahakama inaweza kumjibu anayepiga simu iwapo mtu aliye mtaani kwake ana haki ya kuwa na bunduki. Swali lake la pili, yaani mtu huyo anakwenda kufanya nini, halina hakimu wa kulijibu kabla halijajibiwa na mwenye bunduki mwenyewe.