Mshahara wa Askari na Daftari la Nyumba
Mshahara wa askari huja kila mwisho wa mwezi, bali shule hapa Uganda hufunguliwa mara tatu kwa mwaka: Februari, Mei na Septemba. Ndipo baadhi ya askari wenye watoto wadogo hukimbilia kwa wakopeshaji wa mitaani na kuwaachia kadi ya benki iwe rehani.

Tangu mwaka 1997 serikali imegharamia karo ya shule za msingi za umma, lakini sare, madaftari na chakula cha mchana vimebaki juu ya wazazi. Tuseme watoto wawili wahitaji shilingi 240,000 kila muhula. Kwa mwaka ni 720,000. Zikigawanywa kwa miezi 12, ni 60,000 tu. Fedha hizo ziwekwe siku ile ile ya mshahara, kabla ya jambo jingine lolote, katika chama cha akiba na mikopo: wanajeshi wana Wazalendo, polisi wana Exodus.

Tena, amri ya uhamisho haingoji mtu apange mambo yake. Askari anayeondoka ilhali mkewe hajui kiasi cha mshahara wala madeni, amemweka mlinzi langoni bila silaha. Keti naye leo, mwandike pamoja mapato, matumizi na madeni. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.

Asiyedaiwa hushika lindo lake kwa moyo mtulivu.