Fahamu: Nani Huona Jalada Wakili Anaposhtakiwa kwa Maadili?

Malalamiko ya kimaadili dhidi ya wakili wa kujitegemea Tanzania Bara, yawe yametoka mjini Morogoro au kwa mkulima wa Mgeta katika Milima ya Uluguru, husikilizwa na Kamati ya Mawakili, chombo cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, kinachoweza kumwonya wakili, kumsimamisha au kuagiza jina lake lifutwe katika daftari la mawakili.

Ubishi huanzia kwenye jalada. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba humpa kila mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu, haki isiyo na uzito iwapo mlalamikiwa hajaonyeshwa vielelezo vinavyomkabili pamoja na hati ya kiapo, yaani maelezo ambayo mlalamikaji ameyaapia. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ushahidi humkataza wakili kufichua siri ya mteja bila ridhaa yake, isipokuwa, kwa mfano, pale mawasiliano yalipolenga jambo haramu. Kwa Waluguru, ambao kwa mila ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama na mara nyingi haina hati, jalada moja la mgogoro wa shamba huweza kubeba maelezo ya wajomba na dada waliomwajiri wakili kwa pamoja. Mmoja wao akilalamika, amefungua siri yake, si ya wenzake, na hapo kufunika majina yao ni busara kuliko kuzuia jalada zima.

Kesi inayojulikana sana, ya wakili Fatma Karume, aliyesimamishwa uwakili Septemba 2019, akafutwa na Kamati 2020 kabla Mahakama Kuu haijatengua uamuzi huo 2021, ilihusu zaidi maandishi aliyoyawasilisha mahakamani, ambayo kila upande ulikuwa umekwisha kuyasoma, hivyo haijibu swali hili la siri ya jalada.