Mlango wa profesa ni mtaji kwa wanafunzi wa jamii za walio wachache

KIJANA wa Mtopanga, Kisauni, anaweza kufuzu vyema katika masomo ya biashara lakini akakosa kazi kwa kuwa hamjui yeyote katika kampuni anazoomba.

Hiyo ndiyo sababu desturi ya baadhi ya maprofesa kuwaalika nyumbani wanafunzi kutoka jamii za walio wachache ina uzito kuliko mlo unaoandaliwa. Huko mwanafunzi huuliza asichothubutu kuuliza darasani, na hukutana na watu wanaoajiri.

Nchini Marekani, Naylor Fitzhugh alikuwa miongoni mwa watu weusi wa kwanza kupata shahada ya uzamili ya biashara Harvard, mwaka 1933. Hata hivyo, kampuni kubwa zilimfungia milango. Alifundisha Chuo Kikuu cha Howard hadi 1965, akiwaelekeza vijana weusi katika biashara.

Pwani ya Kenya, wanafunzi wamesoma kwa masheikh barazani tangu jadi. Elimu ya biashara inaweza kufuata mkondo huo.

Hitaji ni kubwa kwa Wapemba, waliotambuliwa rasmi kuwa raia mwaka 2023. Kwa miaka mingi wazazi wengi hawakuwa na vitambulisho, hivyo hawakuweza kufungua akaunti za benki. Mtoto wao hana wa kumweleza jinsi mkopo unavyoombwa.

Kifungu cha 56 cha Katiba ya 2010 kinaahidi jamii hizo nafasi maalumu za elimu na uchumi. Sheria hufungua lango. Mwalimu huonyesha njia.