Kwa Nini Carina Yako Inakunywa Mafuta

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja gereji na Carina TI ya namba B, mkononi ana karatasi yenye orodha ya yote aliyokwisha kuifanyia. Plagi mpya. Pampu ya mafuta. Nozeli zimesafishwa mara mbili. Kontroboksi ya mtumba. Chini kabisa ameandika kilomita 7 kwa lita, akapigia mstari. "Fundi," akaniambia, "gari limezeeka hili, au naibiwa?"

Sikufungua boneti. Nilimwomba tuzunguke nusu saa, nikawa naangalia mshale wa joto tu. Kwenye foleni mshale ulipanda ukakaribia katikati. Tuliposhika barabara tupu, spidi 80, ukaanza kushuka taratibu mpaka karibu na herufi C, ukakaa hapo. Nikamuuliza kama kuna fundi aliyewahi kuondoa themostati. Alifungua kisanduku cha dashibodi akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti. "Hii? Alinirudishia mwenyewe. Alisema ni kifaa cha nchi za baridi."

Kauli hiyo ya "nchi za baridi" ni ya zamani gerejini kwetu, na sidhani kuna kauli nyingine iliyounguza mafuta mengi kuliko hiyo. Themostati ni mlango mdogo wenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, mlango umefungwa na maji yanazunguka ndani ya injini peke yake ili yapate moto haraka. Yakifika nyuzi 82 hivi, nta inayeyuka, inavimba, inasukuma mlango, na maji yanaanza kwenda kwenye rejeta. Dar es Salaam ikichemka mpaka nyuzi 33, bado hewa yake iko karibu nyuzi 50 chini ya joto ambalo injini inalitaka. Kwa injini, hakuna nchi ya joto. Sasa toa mlango huo kisha uendeshe kuelekea Iringa alfajiri: upepo unaipuliza rejeta, maji yanapita humo muda wote, na injini inasafiri mamia ya kilomita bila kupata moto wake.

Hasara inaanzia kwenye petroli yenyewe. Ili iungue sawasawa, kilo 1 ya petroli inahitaji takribani kilo 14.7 za hewa, na inatakiwa iwe mvuke. Kwenye kuta za baridi sehemu ya petroli inabaki matone, haiungui vizuri. Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo waliiagiza kontroboksi iongeze mafuta kila injini inapokuwa baridi. Kontroboksi haina mkono wa kugusa injini. Inategemea sensa ya joto la maji, kipande kidogo ambacho ukinzani wake wa umeme unapungua kadiri maji yanavyopata moto: kama kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, omu mia mbili na kitu hadi mia nne kwenye nyuzi 80. Sensa ikisema baridi, nozeli zinafunguka kwa muda mrefu zaidi. Kontroboksi ya mwalimu haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa inatii.

Kuna hasara ya pili ambayo wenye gia za otomatiki wengi hawaijui. Kwenye Toyota za rika hili, kompyuta huzuia gia ya nne, na huzuia kufunga ile klachi iliyo ndani ya gia, mpaka maji yapate moto wa kutosha. Gari linakwenda safari ndefu kwa gia ya tatu, injini inalia kuliko inavyopaswa, na dereva anadhani ndivyo lilivyo. Ongeza oili ambayo haijapata moto, nzito kama asali, kila pistoni inaifanyia kazi ya bure.

Kwa nini basi themostati iliondolewa? Kwa sababu gari lilichemsha. Hapo ndipo ugonjwa halisi ulipokuwa, na haukuguswa. Mapezi ya rejeta yalikuwa yamejaa vumbi na tope lililokauka, na kifuniko chake kilikuwa kimelegea springi. Watu wanakidharau kifuniko cha rejeta kwa sababu kinafanana na cha chupa ya chai. Kazi yake ni kushika shinikizo: kikiwa kizima, maji hayachemki kwenye nyuzi 100 bali karibu na 120. Kikilegea, unapoteza akiba hiyo yote, na gari linachemsha kwenye mlima ambao jana lilipanda bila shida. Tena, kwenye injini nyingi za Toyota themostati hufanya kazi ya pili ya kuziba njia ya mkato ya maji injini inapopata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kupita rejeta kabisa, na kwenye foleni gari linaweza kuchemsha zaidi ya mwanzo.

Kuipima themostati hakuhitaji mashine. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, weka na kipimajoto. Inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na kwenye 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Ikiganda, nunua mpya. Usiache pengo.

Carina hizi za mwisho zilitengenezwa kuanzia 1996 hadi 2001, kisha Toyota ikaleta Allion mahali pake. Maana yake iliyo changa kuliko zote imepita miaka 20. Ila injini zake, 5A ya lita 1.5 na 7A ya lita 1.8, ni za chuma kigumu na hesabu rahisi, na ulafi wa ghafla mara nyingi hautoki kwenye chuma. Unatoka kwenye taarifa za uongo zinazofika kontroboksi. Chukua sensa ya vakyumu, ambayo mafundi wanaiita MAP. Imeunganishwa na injini kwa mpira mwembamba kama mrija wa soda. Mpira huo ukipasuka, sensa inapokea hewa ya nje, kontroboksi inasoma kwamba dereva amekanyaga sana mafuta, na inamwaga petroli ipasavyo, hata kama gari limesimama kwenye taa. Nimeona watu wakibadilisha nozeli nne kwa sababu ya mpira wa sentimita 30.

Sensa ya oksijeni nayo huchoka. Inakaa kwenye bomba la moshi, na inapokuwa nzima volti zake zinapanda na kushuka kati ya 0.1 na 0.9 bila kutulia. Ikiganda chini, kontroboksi inaamini mafuta ni machache na inaendelea kuongeza.

Mengi ya magari haya yanaweza kukueleza yenyewe kinachoyauma. Chini ya boneti kuna kijisanduku cheusi kilichoandikwa DIAGNOSTIC, na ndani ya kifuniko chake kuna ramani ya matundu. Unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kuwasha injini, kisha hesabu taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimeta kwa mapigo sawasawa bila kukoma, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikapumzika kidogo, ikameta mara moja, hiyo ni 21: sensa ya oksijeni. 22 ni joto la maji, 31 ni sensa ya vakyumu. Kuwa makini usikosee matundu. Kama huna uhakika mwachie fundi, lakini simama naye uhesabu mwenyewe. Na jua kwamba sensa inayodanganya kidogo tu, bila waya kukatika, inaweza isiandike kosa lolote.

Yote hayo hayana maana kama hujui gari lako linakula kiasi gani. EWURA ikitangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, simu za malalamiko huanza, na nikiuliza "kilomita ngapi kwa lita?" najibiwa "elfu kumi haifiki hata Kimara". Elfu kumi si kipimo. Jaza tenki mpaka bomba lijikate lenyewe, andika kilomita, endesha, kisha jaza tena pampu ile ile na ugawanye kilomita kwa lita. Kilomita 385 kwa lita 35 ni 11. Fanya hivyo mara tatu kabla ya kumlaumu mtu. Anayeweka mafuta kidogo kidogo hajui analolipa, na pia anaumiza pampu, kwani pampu iliyo ndani ya tenki inapozwa na petroli inayoizunguka.

Angalia na matairi yako. Aliyetoa 175/70 akavaa 185/70 za inchi 14 amekuza gurudumu kwa zaidi ya asilimia 2, na mita inamhesabia kilomita pungufu kuliko alizokwenda. Sehemu ya "ulafi" wake ni hesabu tu.

Yaliyobaki ni mafupi. Upepo wa matairi ufuate karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Breki inayokamata utaijua kwa kuinua gurudumu na kulizungusha kwa mkono. Ikiwaka taa ya O/D OFF kwenye dashibodi, kuna mtu amebonyeza kitufe cha kwenye mkono wa gia, nawe umenyimwa gia ya nne. Wengine wanakaa nayo miaka. Gari lililosimama injini ikiwaka linakunywa nusu lita hadi lita nzima kwa saa. Ukitoka spidi 80 hadi 110, hewa inakusukuma nyuma karibu mara mbili. Chujio la hewa chafu, ambalo kila mtu hulikimbilia kwanza, halina hatia kubwa: Maabara ya Taifa ya Oak Ridge ya Marekani ililipima jambo hilo mwaka 2009 na kukuta kwamba kwenye magari ya nozeli chujio lililoziba hupunguza nguvu, si kilomita kwa lita. Libadilishe, lakini usitegemee muujiza.

Kuhusu oili nitasema langu. Injini hizi ziliandikiwa oili nyepesi kama 10W-30. Kuimiminia SAE 40 injini nzima "kwa sababu ni ya zamani" ni kununua uzito. Kama inakula oili kweli, hiyo ni hadithi nyingine, na hapo pima kompresheni kwanza. Nzima inakaribia psi 190. Silinda ikishuka chini ya 142, sensa mpya hazitakusaidia. Hapo ndipo uzee unapoanza kulaumiwa kwa haki.

Ya mwalimu ilisoma zaidi ya 170 kwenye silinda zote nne. Tuliiosha rejeta, tukaweka kifuniko kipya na kulanti, tukabadilisha mpira wa vakyumu uliokuwa umepasuka mwishoni. Baada ya tenki tatu, nyingi zikiwa za foleni ya Mbagala, alinitumia ujumbe: 11 na nusu. Themostati tuliyofunga ni ile ile ya kwenye gazeti. Tuliipima jikoni kwa mama ntilie jirani, na ilifunguka kwenye nyuzi 82.